Wingi wa Watumiaji, Wingi wa Wasanidi: Kisa cha Chama cha Akiba Kilichonunua Simu Mara Mbili

Usuli

Kisa hiki kinahusu chama cha akiba na mikopo kilicho katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Jina la chama, jina la mji na aina kamili za simu zimeondolewa. Simu zenyewe zitaitwa Simu A, Simu B na Simu C. Mwandishi alialikwa na kamati ya chama kama mshauri wakati wa ununuzi wa pili, na yaliyotangulia hapo yameandikwa kutokana na kumbukumbu za vikao, risiti na maelezo ya wahusika.

Wanachama wengi ni wakulima wa mahindi, mihogo na mtama, pamoja na wachuuzi wa soko. Nyumbani wanazungumza Kisamia, Kiteso, Kijapadhola au Kigisu, lakini vikao huendeshwa kwa Kiswahili, kama ilivyo kawaida ya miji ya mpakani ambako dereva wa lori, askari, mchuuzi na mbadilisha fedha hukutana kila siku. Chama kina maafisa wa nyanjani wapatao ishirini, ambao huzunguka kwa bodaboda kutoka kijiji hadi kijiji, na kila mmoja hupewa simu ya kazi.

Simu hiyo ina kazi tatu. Kwanza, hujaza fomu za wanachama kwa ODK Collect, programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyotokana na mradi ulioanzishwa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambayo hupendwa sana na mashirika yanayofanya kazi vijijini kwa sababu hujazwa bila mtandao na kutumwa jioni mtandao unapopatikana. Pili, hupokea maagizo ya ofisi kupitia kundi la WhatsApp. Tatu, huhakikisha malipo ya wanachama kupitia pesa za simu, yaani *165# kwa MTN na *185# kwa Airtel. Ikumbukwe pia kwamba fomu za chama zina namba za vitambulisho, picha na mahali pa makazi ya watu, na kwamba tangu mwaka 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, hivyo suala la simu gani inabeba taarifa hizo si la kupuuzwa.

Simu ya mwenyekiti

Kabla ya ununuzi wenyewe kulikuwa na tukio dogo ambalo liliathiri maamuzi yote yaliyofuata. Mwenyekiti, mzee aliyestaafu ualimu, alikuwa na simu nzuri, imara, yenye kamera safi, ya mfumo ambao haukuwa Android wala wa Apple. Mwishoni mwa mwaka 2019 WhatsApp iliacha kuuhudumia mfumo huo, na punde mwenyekiti akawa nje ya kundi la chama chake mwenyewe. Simu haikuwa na kasoro yoyote. Betri ilikaa siku nzima na kioo hakikuwa na mkwaruzo. Kilichokufa ni programu, kwa sababu waliozitengeneza waliona watumiaji waliobaki hawatoshi.

Mzee alilichukua jambo hilo kwa uzito, na katika kikao kilichofuata alitoa kauli iliyoandikwa kwenye kumbukumbu karibu neno kwa neno: chama kisinunue tena simu isiyo na wasanidi wengi, yaani waunda programu, nyuma yake. Kauli hiyo ilikuwa sahihi. Jinsi ilivyotumiwa baadaye ndiko kulikoleta taabu.

Chaguo la mwaka 2021

Mapema mwaka 2021 chama kilipata fedha za kununua simu mpya, na kamati ikawekewa mapendekezo matatu.

Simu A ilikuwa ile ambayo kila mtu mjini anayo. Inauzwa katika maduka yote ya barabara kuu, mabango yake yamefunika kuta za nusu ya mji, na maafisa wengi tayari walikuwa nayo kama simu ya binafsi. Udhaifu wake ulikuwa kumbukumbu ndogo, na mtengenezaji asiyejulikana kwa kutoa masasisho ya muda mrefu.

Simu B iliagizwa kutoka nje, ikiwa imetumika kidogo. Kwa bei ileile ilitoa kumbukumbu maradufu na prosesa ya kasi, na ilikuwa na sifa kubwa miongoni mwa wasanidi wa kujitolea duniani, ambao hutengeneza mifumo mbadala kama LineageOS kwa ajili ya simu zilizoachwa na watengenezaji wake. Nchini Uganda watumiaji wake walikuwa wachache mno.

Simu C ilikuwa ya chapa inayoheshimika, yenye kamera bora kuliko zote, na duka moja lilikubali kupunguza bei. Hata hivyo haikuja na huduma za Google. Mweka hazina aliipigia debe kwa sababu ya punguzo, lakini afisa wa takwimu wa chama alionyesha kwamba programu nyingi hutegemea huduma hizo kwa arifa na ramani, na pendekezo likaondolewa bila mjadala mrefu.

Ubishi wa kweli ukawa kati ya A na B. Maafisa wa nyanjani, waliowakilishwa na mama mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, walitaka Simu A. Afisa wa takwimu, kijana aliyesomea kompyuta, alitaka Simu B, na hoja yake ilijengwa moja kwa moja juu ya kauli ya mwenyekiti: ikiwa tunafuata wasanidi, basi Simu B ina wasanidi wengi zaidi, na hata mtengenezaji akiiacha, wao wataendelea kuipa masasisho. Mwenyekiti aliposikia kauli yake ikirudishwa kwake kwa ufasaha ule, hakuwa na la kupinga. Kamati ikapitisha Simu B kwa maafisa wote.

Mwaka wa vioo

Miezi ya kwanza ilimpa kijana haki. Fomu zenye picha zilifunguka haraka, na malalamiko ya simu kuganda yalikoma. Kisha vioo vikaanza kuvunjika, kama ilivyotarajiwa kwa simu zinazosafiri mifukoni juu ya bodaboda katika barabara za vumbi na mawe.

Afisa wa kwanza alipeleka simu yake kwa fundi anayekaa barazani mwa duka la dawa, karibu na stendi ya teksi. Fundi huyo ana sanduku la mbao lililogawanywa vyumba vidogo, na katika kila chumba vioo vimefungwa kwa gazeti na aina ya simu imeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Aliichukua Simu B, akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akaipima juu ya vioo viwili vilivyokaribia ukubwa wake, kisha akauliza, “Dada, hii mliinunulia wapi?” Hakuwa na kioo chake, na hakuwahi kuifungua simu ya aina ile. Alikataa kujifunzia kwenye mali ya chama, jambo ambalo kwa haki linapaswa kuhesabiwa kuwa uaminifu.

Kampala hakikupatikana kioo ambacho muuzaji angekubali kirudishwe kikikataa kukaa. Hatimaye kioo kiliagizwa kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, kikaletwa na basi la usiku. Hakikukaa. Simu B iliuzwa duniani kwa jina moja lakini kwa matoleo yenye namba tofauti, na waya wa kioo kilicholetwa ulichomekwa upande mwingine kabisa. Kioo cha pili kilikaa, na bei yake pamoja na usafiri ikakaribia nusu ya bei ya simu.

Hali hiyo ilipojirudia, maafisa walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kazi ya kumaliza angefanya: wakaweka ODK Collect kwenye simu zao binafsi, ambazo nyingi zilikuwa Simu A, na kazi ikaendelea. Meneja aligundua jambo hilo pale mtoto wa afisa mmoja alipotuma kimakosa picha ya kitambulisho cha mwanachama kwenye kundi la familia. Hapakutokea madhara makubwa, ila kamati ilielewa kwamba taarifa za wanachama zilikuwa zimehama kutoka simu za chama kwenda kwenye simu ambazo haina mamlaka nazo.

Jaribio la kubadilisha mfumo

Mwishoni mwa mwaka 2022 mtengenezaji aliacha kutoa masasisho ya Simu B, na afisa wa takwimu akaomba kuonyesha faida aliyoiahidi. Alipewa simu mbili zilizokuwa mikononi mwa maafisa wanaopeleka fedha benki. Alifungua kufuli la mfumo, linalozuia mfumo mwingine kuwekwa, hatua ambayo hufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu, hivyo fomu zote zilitumwa kwanza. Kisha akaweka mfumo mbadala uliotengenezwa na wasanidi wa kujitolea.

Kwa upande mmoja jaribio lilifaulu. Simu zilipata toleo jipya la Android na masasisho ya usalama ambayo mtengenezaji hakuyatoa, ODK Collect ilifanya kazi bila tatizo, na kwa simu iliyoachwa na wenyewe hilo si jambo dogo. Kwa upande mwingine, programu ya benki ilikataa kufunguka. Google huwapa waunda programu njia ya kupima kama mfumo wa simu ni ule uliothibitishwa, na taasisi za fedha huitumia ili kujikinga na udanganyifu. Simu iliyofunguliwa kufuli haipiti kipimo hicho kwa urahisi. Kijana alijua njia za kukizunguka, lakini meneja alikataa, kwa hoja kwamba chama kinachoshika fedha za watu hakiwezi kuidanganya benki yake kila sasisho linapokuja. Uamuzi huo ulikuwa wa busara.

Jambo lililoonekana wakati huohuo, na ambalo hakuna aliyelitilia maanani mwanzoni, ni kwamba *165# na *185# ziliendelea kama kawaida. Huduma hizo huendeshwa na mtandao wa simu wenyewe. Hazijali mfumo, toleo wala msanidi, na hufanya kazi hata kwenye kitochi.

Ununuzi wa mwaka 2023

Katikati ya mwaka 2023 kamati ilinunua tena, safari hii Simu A, toleo lake jipya, kwa masharti manne yaliyoandikwa. Simu iwe na Android kamili na isiwe toleo la Go, ambalo Google ililianzisha kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo, kwa sababu fomu zenye picha nyingi zililisumbua. Muuzaji aonyeshe kwamba vioo na betri za toleo hilohilo vinapatikana mjini siku ya ununuzi. Simu chache za akiba zikae ofisini. Na kila simu ihesabiwe kuwa imemaliza muda wake pale masasisho ya usalama yanapokoma, hata kama bado inawaka.

Sharti la mwisho lilipingwa sana na mweka hazina, aliyeuliza ni nani atakayewaeleza wanachama kwamba simu nzima inatupwa. Walikubaliana kwamba itafutwa na kuuzwa, na katika mji ule Simu A iliyotumika hupata mnunuzi kabla ya jua kuzama.

Matokeo

Simu iliyovunjika asubuhi ya siku ya soko ilirudi kazini jioni ileile. Hilo ndilo badiliko kubwa, na maafisa wakaacha kutumia simu zao binafsi bila kulazimishwa. Chaja, kava na hata ujuzi mdogo wa namna ya kuzima kitu kinachokula bando ulipatikana kwa jirani yeyote.

Hasara nazo zilijitokeza. Simu A ilikuja na programu nyingi zisizoombwa, baadhi zikileta matangazo na kula data, na bando nchini tangu Julai 2021 hubeba kodi ya asilimia 12, hivyo maafisa walijenga tabia ya kuzima masasisho ili kuokoa bando, jambo ambalo lilivunja nusu ya maana ya sharti la nne. Ofisi ililazimika kufunga Wi-Fi na kupanga siku ya masasisho. Baadhi ya vioo vya bei rahisi vilikuwa kopi hafifu, ambavyo mguso wake ulipotea juani.

Kisha kukawa na wizi. Simu B karibu hazikuibiwa kabisa. Simu A ziliibiwa, moja stendini na nyingine gulioni. Sababu ni ileile iliyozifanya zifae: kila mtu anaijua, kila fundi anaihitaji kwa vipuri, na mwizi huiuza kabla mwenyewe hajamaliza kutoa taarifa polisi.

Uchambuzi

Kauli ya mwenyekiti ilitokana na ukweli ambao historia ya simu inaushuhudia. Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, ilitoka mwaka 2010 ikasifiwa, na Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha simu cha Nokia mwaka 2014. Hata hivyo wasanidi hawakuja kwa wingi kwa sababu watumiaji walikuwa wachache, na watumiaji hawakuongezeka kwa sababu programu walizozitaka hazikuwepo. Mwaka 2013 Microsoft ilifikia hatua ya kujitengenezea yenyewe programu ya YouTube, na Google ikaizuia. BlackBerry 10, mfumo mwingine wa simu uliozinduliwa Januari 2013, ilijaribu kuazima jamii ya wengine kwa kuruhusu programu za Android ziendeshwe ndani yake, na bado haikuokoka: WhatsApp iliuacha mfumo huo mwishoni mwa mwaka 2017, na Windows Phone mwishoni mwa mwaka 2019. Katika ngazi ya mfumo, basi, wingi wa wasanidi ni jambo la uhai na kifo, na chama kilichohitaji ODK Collect hakikuwa na chaguo nje ya Android kwa kuwa programu hiyo iko huko peke yake.

Lakini Simu A na Simu B zote zilikuwa Android. Swali la mfumo lilikuwa limeshajibiwa, na kamati iliendelea kulijibu. Wasanidi wa ODK, wa WhatsApp na wa benki wanaandika kwa ajili ya Android nzima. Hawaijui Simu B wala Simu A, na zote mbili zilinufaika nao sawasawa. Wasanidi ambao Simu B peke yake ilikuwa nao ni kundi jingine, dogo zaidi, lenye kazi tofauti kabisa, ambayo ni kuurefusha uhai wa programu za simu moja baada ya mtengenezaji kuiacha. Afisa wa takwimu aliyaita makundi hayo mawili kwa jina moja, na kamati haikuwa na mtu wa kuyatenganisha.

Inafaa pia kutazama kundi hilo dogo linavyofanya kazi, maana sifa yake humfanya mtu adhani ni jeshi. LineageOS ilizaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod, mfumo mbadala ulioitangulia, kufungwa, na kila simu inayohudumiwa rasmi lazima iwe na mtunzaji wake, mara nyingi mtu mmoja au wawili wanaojitolea baada ya saa za kazi. Mtunzaji akiuza simu yake, akipata mtoto au akichoka, na asipopatikana wa kumrithi, simu hiyo hutoka kwenye orodha. Kuna simu zenye mamilioni ya watumiaji ambazo hazina mtunzaji hata mmoja, hasa pale mtengenezaji asipochapisha msimbo wa kiini cha mfumo ingawa leseni ya Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android, inamtaka afanye hivyo. Na kuna simu adimu zenye watunzaji hodari. Kwa hiyo wingi wa watumiaji haukuonyeshi wingi wa wasanidi wa simu husika, wala kinyume chake. Simu A na Simu B zilikuwa mfano kamili wa hali hizo mbili.

Kwa upande wa watumiaji, wingi unaofaa kuhesabiwa ni ule ulio umbali wa kutembea. Mashabiki wa Simu B walikuwa wengi India na Ulaya, na hakuna kati yao aliyeweza kumpa afisa kioo siku ya soko. Fundi wa barazani huweka mtaji wake katika vioo vya simu anazoziona zikipita mbele yake. Sanduku lake la mbao ni sensa ya kuaminika kuliko tangazo lolote la mauzo, na kulitazama hakuna gharama. Kamati ingetumwa kulitazama kabla ya ununuzi wa mwaka 2021, mjadala ungekuwa mfupi. Mama aliyewawakilisha maafisa alikuwa akisema jambo hilohilo, ila alilisema kwa maneno “kila mtu anayo,” na kumbukumbu za kikao zikaliandika kama mazoea badala ya hoja.

Jaribio la mfumo mbadala lisihesabiwe kuwa limeshindwa. Kwa simu isiyogusa programu ya benki, kwa mfano ya kujazia fomu tu, lilikuwa na faida ya kweli, na kama vipuri vingepatikana lingeweza kuokoa gharama ya ununuzi mzima. Kilicholiangusha ni mahitaji matatu kukutana katika kifaa kimoja: fomu, benki na barabara mbovu.

Kuhusu wizi, mwandishi haoni suluhisho ndani ya uchaguzi wa simu. Chama kimeweka nywila ndefu, kufunga simu kutoka mbali na kutuma fomu kila jioni ili simu ikipotea zisipotee taarifa nyingi.

Yaliyobaki mezani

Simu mbili zenye mfumo mbadala ziko ofisini, ambako fomu mpya hujaribiwa kabla ya kupelekwa nyanjani. Simu B nyingine ambazo vioo vyake ni vizima zimegawiwa maafisa wa ofisini wasiosafiri, nazo zimedumu vizuri. Masasisho ya Simu A yakikoma, kamati italazimika kutekeleza sharti la nne kwa mara ya kwanza, na mweka hazina ameshaomba jambo hilo liwekwe kwenye ajenda mapema, pamoja na pendekezo lake jipya la kununua vioo vya akiba siku ileile ya kununua simu, kabla toleo jipya halijavifukuza vile vya zamani kutoka kwenye sanduku la fundi.